Anti, mwanangu anauliza na mimi nimekatazwa kumjibu

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kimara. Wa kwanza ni binti, yuko darasa la nne. Mdogo wake ni wa kiume, ana miaka 7, na ndiye niliyelazwa naye wodini, hapa hapa Dar. Naandika kwa simu usiku, yeye amelala na dripu mkononi.

Ana saratani ya damu. Ilianza na homa za kuja na kuondoka. Tukatibiwa malaria, tukatibiwa UTI, mtoto anazidi kuchoka hadi kubebwa mgongoni kwenda shule. Halafu zikatokea alama za bluu mapajani na mgongoni, na akipiga mswaki fizi zinatoka damu. Zile alama zilizua balaa nyumbani: mama mkwe alishikilia kwamba dada mtu ndiye anayempiga mwenzake, akamchapa. Kumbe ni damu yenyewe imepungukiwa chembe za kugandisha. Daktari alitukalisha akatueleza taratibu: uboho ulio ndani ya mifupa unazalisha chembe nyeupe changa zisizofanya kazi, zinajaa mpaka zile nzima zinakosa nafasi. Akasema haiambukizi, hakuna aliyeisababisha, kwa watoto ndiyo saratani inayoonekana zaidi, na wapo wengi wanaopona kabisa wakimaliza dawa. Ila kumaliza si leo wala kesho. Mwezi wa kwanza ndio mkali, halafu awamu kwa awamu, jumla miaka 2 hadi 3.

Habari za pesa sikuandikii. Bima ya baba yao inabeba sehemu kubwa (ile asilimia 3 ya mshahara aliyokuwa akiilalamikia kila mwisho wa mwezi, siku hizi haisemi), na majirani na wenzake wa kazini walikuja kuchangia damu bila kubembelezwa. Mungu awalipe. Shida yangu ni nyingine.

Baba watoto na mama yake wameweka sharti: mtoto asiambiwe anaumwa nini. Wala dada yake. Jibu ni "upungufu wa damu", basi. Mama mkwe anasema maneno huumba, ukimtajia mtoto saratani umeshamchimbia kaburi. Mume wangu hana maneno mengi, ananiambia tu, "Mwache awe mtoto." Naijua sauti yake akiwa analia kwa ndani, kwa hiyo nanyamaza.

Lakini wodi haina siri, Anti. Akina mama tunanong'ona usiku tukidhani wamelala, kumbe wako macho. Watoto wanajua siku ya sindano ya mgongo, wanajua dawa nyekundu inatapisha. Nywele za mwanangu zilipoanza kubaki kwenye mto hakuniuliza mimi, alimwonyesha mwenzake wa kitanda cha pili, wakacheka: "Na wewe umeanza!" Dawa za steroidi zimemvimbisha mashavu na kumtia njaa ya ajabu. Saa 9 usiku anataka ugali na dagaa, tena sasa hivi. Siku hizi nalala na hotpoti chini ya kitanda.

Yule mwenzake wa kitanda cha pili alifariki. Walimhamishia ICU usiku, asubuhi tukaona kitanda kimetandikwa shuka jipya. Mwanangu akauliza, baba yake akawahi: ameruhusiwa, amerudi kwao Morogoro. Tangu siku hiyo anataka ampigie simu. Juzi alinijia na simu yangu mkononi, akasema, "Mama, namba ya mama yake unayo, nimeiona." Ni kweli ninayo. Yule mama alinitumia ujumbe wa shukrani baada ya maziko. Nikasema chaji imeisha. Akaitazama simu, inawaka. Akanitazama mimi, kisha akageukia ukutani. Jioni hiyo hakula, mtoto ambaye kwa dawa hizi angekula hata sufuria.

Na nyumbani je? Binti haruhusiwi kuingia wodini kwa umri wake, kwa hiyo anamwona mdogo wake kwenye video tu, tena baba yao huishika simu kwa namna kipara kisionekane. Mwalimu amemwita wifi yangu kwamba mtoto hasikilizi darasani, na mwaka huu wana mtihani wa taifa wa darasa la nne. Wifi alipombembeleza ndipo akatoboa: walikuwa wanagombania rimoti, akamsukuma mdogo wake kwenye kochi, ndiyo maana akaumwa. Fimbo za bibi zilimthibitishia. Akamuuliza wifi kama mdogo wake akifa yeye atafungwa. Wifi alinisimulia nikiwa kwenye foleni ya dawa. Sijui nilifikaje dirishani.

Afisa ustawi wa jamii wa hapa anasema watoto waambiwe kwa maneno machache ya umri wao, jina la ugonjwa litajwe, waelezwe hakuna aliyeuleta, waachwe waulize. Mume wangu alimjibu kwa adabu, tulipotoka akasema hayo ni ya vitabuni.

Usidhani nagombana na mama mkwe. Ananipikia, ananifulia, na anamwombea mjukuu wake usiku kucha. Alipoleta kombe (maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani) na daktari akakataza chochote ambacho hakijachemshwa, kwa kuwa kinga ya mtoto iko chini, tulikubaliana amsomee dua akiwa ameshika kichwa chake, na mtoto anaipenda sana saa hiyo. Ndiyo maana naogopa kumvunja.

Sasa wiki ijayo, hesabu ya damu ikikaa sawa, tutaruhusiwa siku chache kabla ya awamu inayofuata. Dada mtu atamwona mdogo wake na mashavu yale na kipara kile, na bibi atakuwepo palepale sebuleni. Mimi nataka binti ajue kabla ya siku hiyo. Je, nimwambie kimyakimya kupitia wifi, mume wangu akijua baadaye liwe litakalokuwa? Au nimwombe daktari, maana mume wangu anamheshimu sana, atuite wote wawili pamoja na mama mkwe aseme yeye? Nimefikiria pia kumshirikisha shemeji yangu mkubwa, ila huyo akiambiwa jambo ukoo mzima wa Muheza unajua kufika jioni.

Na kuhusu yule rafiki, nianzie wapi kumwambia mtoto wa miaka 7, mwenye ugonjwa uleule, kwamba mwenzake hayupo, bila kumfanya ahesabu zamu yake? Kama kuna wasomaji wako waliouguza mtoto hivi, naomba waniandikie maneno waliyotumia, kama walivyoyasema. Nijibuni mapema, kabla hatujatoka.

Mama wa wawili,
Kimara