Chagua Jiwe Moja

Kigoma, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako anaendelea na biashara yake ya dagaa, na wadogo zako wamemaliza mitihani. Juzi uliponiambia kwamba mwezi wa kumi na mbili unakwenda Mafia na wenzako wa kazini kuogelea na papa potwe, nilinyamaza, kisha mtandao ukakata. Mama, usidhani nilikasirika. Kuna jambo nilitaka kukuambia na sikujua nianzie wapi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Babu yako alivua ziwa hili la Tanganyika tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia, na hakujua kuogelea. Alitoka na karabai usiku wa giza, alfajiri akarudi na dagaa na migebuka. Samaki aliwajua kwa uzito, kwa bei, na kwa msimu wao, lakini wote aliwajua wakiwa wameshatolewa majini. Na mimi nimekua hivyohivyo. Nimefundisha biolojia miaka ishirini na kitu, nikichora mapezi na matamvua ubaoni, na sikuwa nimewahi kumwona samaki hata mmoja akiwa kwake, akifanya shughuli zake.

Mwaka jana, wakati wa likizo, wageni fulani walinikaribisha twende nao ufukwe wa Jakobsen. Kijana aliyetuongoza alinipa miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, akaniambia, "Mzee, ingia tu." Hakunieleza kingine. Miwani ilivuja kwa sababu ya masharubu yangu, maji yakanijaa puani, nikayameza, nikashika mwamba kwa nguvu mpaka kiganja kikachubuka. Nilitoka natetemeka. Usiku ule sikulala vizuri, na kilichoniuma ni kwamba katika ule muda mfupi nilikuwa nimeona kitu cha buluu kikipita mbele ya macho yangu, nami sikukiangalia.

Nikanyoa masharubu. Nikanunua miwani yangu mwenyewe. Nikawauliza wavuvi wa pale kama mamba huonekana upande ule, nikachagua penye mawe na maji safi, mbali na matete, maana konokono wa kichocho hupenda penye majani na maji yaliyotulia. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kupima pia. Na wewe kila utakapooga ziwani fanya hivyo.

Safari hii nililala juu ya maji sehemu ya kina cha kiuno, uso chini, nikapumua polepole. Nikachagua jiwe moja tu, kubwa kama meza yetu ya kulia, nikabaki hapo.

Mwanzoni halikuwa na kitu. Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja. Samaki wa rangi ya chai ya maziwa, urefu wa kidole, mkia umechongoka ncha mbili kama wa mbayuwayu, na kingo za mapezi nyeupe zenye kung'aa kibuluu. Wataalamu humwita Neolamprologus brichardi. Ni wa jamaa ya perege na sato, jamaa ambayo katika Tanganyika peke yake ina aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani ziwa jingine lolote duniani. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini huko chini hakuna hewa ya oksijeni, kwa hiyo samaki wote hawa wanaishi tabaka la juu. Fikiria, mwanangu: wengi wao wako hapa mawe yalipo, hatua chache kutoka tunapofulia nguo.

Chini ya jiwe kulikuwa na vitoto vidogo kama punje za mchele, vinaelea. Mmoja wa wale samaki, si mkubwa, alikuwa anauma mchanga, anajaza mdomo, anatoka nao nje ya jiwe, anautema, anarudi. Nilimhesabu mara kumi na moja. Akija samaki mgeni, anamkimbiza, kisha anarudi kwenye mchanga wake. Nilikuwa nimesoma habari hiyo kitabuni bila kuitia moyoni: yule si mzazi. Samaki hawa wakishakua kidogo, baadhi yao hawaondoki. Wanabaki kulinda wadogo zao na kusafisha mayai ya wazazi wao.

Mama yako alipokuwa anashinda mwaloni Kibirizi tangu alfajiri, wewe ndiye uliyekuwa unapika uji na kumbembeleza mdogo wako wa mwisho anywe. Ulikuwa na miaka tisa. Unampuliza uji kijiko kwa kijiko. Nilikuwa nakuona kila siku nikienda shuleni, na sijawahi kukuambia ahsante kwa hilo. Nakuambia leo.

Niliinua mkono kidogo kufuta miwani, wote wakatoweka. Ikabidi nisubiri muda mrefu mpaka warudi.

Sasa Mafia. Papa potwe ataonekana, anaweza kufika mita kumi au zaidi, na hana shida na mtu, chakula chake ni vile viumbe vidogo anavyochuja kwenye maji. Watu watapiga kelele na kurukia majini wote pamoja. Wewe ingia taratibu, usimkatie njia, usimguse, kaa mbali na mkia. Akitaka kwenda, mwache aende. Lakini mkipelekwa kwenye matumbawe, waache wenzako wazunguke, wewe chagua jiwe moja kama mimi. Utamwona samaki mdogo mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, na wakubwa wanakuja kwake kwa zamu awasafishe, wengine wanafungua mdomo anaingia ndani. Usikanyage matumbawe wala kuyashika. Yale ni wanyama hai, na mguu mmoja unaharibu kilichojengwa miaka mingi.

Miwani ikiingia ukungu, tema mate kwenye kioo, sugua, suuza. Rasta zako zisibanwe chini ya mpira wa uso, maji yatapenya. Mrija ukiingia maji, puliza kwa nguvu mara moja kabla hujavuta pumzi. Na kama watakushawishi kuzamia na mitungi, mwalimu awe na cheti, usibane pumzi hata kidogo unapopanda juu, na usipande ndege ya kurudi Dar mpaka zipite saa 24. Hilo nakuomba kama baba. Wenzako wakiharakisha, waambie baba amekataa.

Nimetuma kifurushi kwa basi la Alhamisi. Kuna dagaa wa mama yako, na katikati nimefunga miwani yangu ndani ya kanga, kioo kikiangalia juu. Mpira wa nyuma nimebadilisha, ni mpya bado mgumu. Ukaze kidogo kidogo.

Baba yako