Heri ya Sikukuu ya Mwezi, wana wa meza ya Jumamosi

Mwangaluka wana! Najua mtasema jamaa kachanganyikiwa, anatuma salamu za sikukuu ambayo kwenye kalenda ya ukutani haipo, lakini leo ni 30 Novemba na kule kwenye dunia yetu ya Forgotten Realms, ile ya gemu letu la Dungeons & Dragons, mwezi wa Uktar unaisha, afu kabla Nightal haijaanza kuna siku moja imekaa katikati haina mwezi wake. Ndo Sikukuu ya Mwezi yenyewe, watu wanabariki makaburi ya wazee wao wanakaa kupiga stori za waliotangulia mpaka usiku mwingi.

Huku kwetu mwezi sijui kama utaonekana maana vuli imechachamaa, jana radi imepiga juu ya ziwa usiku kucha, na dagaa walioanikwa wamelowa wote, hao sasa ni wa kuku tu.

Mnakumbuka kwenye gemu nilipochagua kuwa kasisi wa Kelemvor mlivyonicheka, eti mtoto wa Kirumba unamtumikia mungu wa kifo, bibi yako akisikia je? Bas bibi alisikia. Akaniuliza, huyo anaua watu? Nikamwambia hapana bibi, ye haui mtu, anapokea tu waliofika na kuwahukumu, alama yake mkono wa mifupa umeshika mizani. Afu alikuwaga binadamu, askari wa kukodiwa, ana laana ya ukoo kwamba akifanya jambo bila malipo anageuka chui mweusi, akauliwa na Cyric waliyekuwa wakisafiri pamoja, na baadaye kiti cha wafu akaja kukikalia ye. Bibi akakaa kimya, akasema basi huyo kufa anakujua.

(Jergal nae nilimwelezea, yule mwandishi wa majina ya wafu aliyekuwepo kabla yao wote. Bibi akasema huyo ni mtendaji wa mtaa.)

Ila kuna kitu cha Kelemvor kilikuwa kinanikera. Mwanzoni alikuwa anawapendelea watu wema na majasiri, hukumu ikawa laini mpaka watu wema wakaacha kuogopa kufa wakawa wanatupa maisha hovyo, miungu wenzake wakamshtaki, akabadilika akawa wa kati, huruma kaweka pembeni. Mi nilikuwa naona kazingua, wema wapendelewe bwana, shida iko wapi.

Mwezi wa tano bibi aliniomba nimpeleke Igoma, kwenye makaburi ya watu wa meli ya MV Bukoba. Mjomba wangu alikuwa humo ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ikazama 21 Mei 1996, mi sijazaliwa, na mwili wake hatukuwahi kuutambua. Bibi hana kaburi lake la kwenda, anachofanya anasimama pale anawasalimia wote. Nikamuuliza unajuaje kama yuko hapa, akasema sijui, ndo maana siruki hata mmoja. Kwenye daladala ya kurudi nilikuwa nawaza makasisi wa Kelemvor, kazi yao kubwa ni kuzika vizuri hata yule asiye na mtu wa kumlilia, hawaulizi alikuwa mwema au mwizi. Toka siku hiyo simsemi tena yule mungu, japo ule Ukuta wake wa wasio na imani, unaojengewa roho za wasiomwamini mungu yeyote, bado sijamsamehe, tutabishana tu.

Kwa hiyo heri ya sikukuu wana, na wale wenye msiba mbichi mwaka huu poleni sana, najua mmoja wetu Desemba hii kwao kuna kiti kitakuwa wazi. Jumamosi njooni mapema kidogo, kila mtu na mshumaa wake, kabla ya kurusha dadu kila mmoja ataje mtu wake mmoja na stori yake moja, hata ya kuchekesha. Mi namleta mjomba, bibi kanipa ya siku alivyodondoka kwenye mtumbwi na suti ya harusi. Viazi vitamu vipo, sato mtachanga.

Wabeja sana.