Alama za majaji zisijumlishwe ovyo

Mhariri,

Mashindano ya hotuba shuleni hapa Mombasa huharibikia mezani kwa majaji. Kosa kubwa ni kujumlisha alama ghafi. Tuseme jaji wa kwanza ampa Fulani 78 na mwenzake 76. Wa pili, 77 na 75. Wa tatu, asiyejua kadiri, 50 na 85. Fulani apata 205, mwenzake 236. Majaji wawili kati ya watatu walimwona Fulani bora, na bado kashindwa! Kila jaji angepanga nafasi kwanza, jumla ya nafasi za Fulani ingekuwa 4 (1+1+2) na ya mwenzake 5 (2+2+1), na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Msemaji wa kwanza naye huonewa: jaji humbania akiwawekea akiba wanaofuata. Alama ziandikwe kwa penseli, zirudiwe baada ya msemaji wa tatu.

Saa ashike mtu mwingine. Jaji anayechungulia simu hukosa hitimisho.

Na lafudhi? Mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Waswahili Mji wa Kale, hutamka “dhahabu” bila kujikaza. Hayo ni malezi. Matamshi yapimwe kwa kusikika na kueleweka.

Waamuzi wa hotuba,
Tononoka, Mombasa