Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: vijana wanaojifunza useremala kwetu Keko

Wanachama wenzangu habari zenu, wazee shikamooni. Hesabu mhazini atazisoma mkutanoni, michango ya misiba imeenda vizuri, kwahiyo mi nataka niongee kwa kirefu habari ya vijana tu maana ndo kitu kimenikaa moyoni mwaka huu.

Kila wiki wanapita vijana hapa Keko wanauliza bosi kuna kazi, na jibu letu siku zote ni njoo kesho upige msasa tutaona. Basi anapiga msasa, anafagia maranda, anatumwa chai, jioni anapewa hela ya nauli na ya kula, mwaka unaisha hivo hivo, siku ukimwambia tengeneza droo hajui hata kupima ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake bila kucheza. Huyo hatujamfundisha, tumemtumia, na mimi hilo linaniuma sana.

Ndo maana kamati ikapitisha ile karatasi ya makubaliano. Inaandikwa kijana ni nani, mdhamini wake nani, anajifunza kwa fundi gani, posho kiasi gani na atamaliza lini, halafu anapanda hatua, msasa na vanishi kwanza, kisha kupima na msumeno wa mkono, kuunga, mashine mwisho. Aliye chini ya miaka 18 mashine hagusi kabisa, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inakataza kumpa mtoto kazi za hatari, na hapa kila mtu anamjua fundi aliyepoteza kidole kwenye mashine ya kupasulia.

Wapo waliosema ukimfundisha haraka anaondoka na wateja wako. Jamani, njooni muone yule binti anayejifunza mtaa wa nyuma, alipewa kabati la jikoni la mninga afanye mwenyewe, mama mwenye kabati akafungua milango akafunga, akapitisha kidole kwenye maungio yote, akalipa hapohapo na akaagiza kitanda. Oda hiyo imeingia kwa fundi wake.

Jambo lingine ni cheti. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kiko jirani kabisa na bado mafundi wetu wengi hawajui kuwa kuna urasimishaji ujuzi, yaani fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa kazi anayoijua na akifaulu anapewa cheti bila kuanza darasani upya. Tenda ya madawati ikitoka wanauliza makaratasi, we una miaka ishirini kazini huna hata moja, inasikitisha.

Na wale wanaomaliza msiwaache waende kuwa deiwaka, vibarua wa siku kwa siku. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo vijana wametengewa asilimia 4, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na haina riba, wakijiunga kikundi wanaweza kuombea mashine yao wenyewe, ila waanze mapema kushughulikia kitambulisho cha taifa cha NIDA, katiba na akaunti ya kikundi maana hapo ndo wengi wanakwama.

Karatasi za makubaliano ziko kwa katibu, hazilipiwi. Mwenye kijana ambaye hajaandikishwa aje naye kwenye mkutano, na kijana mwenyewe awepo wakati inasomwa, asiwekewe sahihi na mtu.