Tuwatoe Watoto Wakaione Lamu Yao

Mhariri,

Jumamosi niliwapeleka wajukuu zangu watatu Makumbusho ya Lamu. Yule mdogo alisimama mbele ya siwa, lile baragumu kubwa la sherehe, mdomo wazi: "Nyanya, ilipulizwa na nani?" Nikamsimulia habari za arusi za wakubwa wa zamani mpaka akasahau njaa. Kisha tukaingia Ngome, iliyokamilika 1821 na kuwa gereza hadi 1984. Humo walinyamaza wenyewe.

Wazazi wenzangu, wageni huvuka bahari kuja kuyatazama haya, na watoto wetu wanapita nje wakiinamia simu! Nawasihi pia mafundi wa milango ya nakshi wawafungulie karakana zao, japo saa moja kila Jumamosi, washike patasi kwa mikono yao.

Nyanya wa Langoni,
Lamu