Misheni ya matibabu ianzie zahanati ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Mbeya, lilisomwa tangazo la kutafuta madaktari na wauguzi wa kujitolea kwa misheni ya matibabu nchini Malawi. Watu wakapiga makofi. Mimi ni muuguzi mstaafu, niliwahi kwenda safari kama hiyo, na naomba nafasi niseme jambo ambalo kwenye tangazo halikuwamo.

Tulivuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi tukiwa watu 21, fulana za rangi moja, maboksi ya dawa yamefungwa juu ya keria. Karonga si mbali, na kwa sisi Wanyakyusa hata mkalimani hatukumhitaji sana, maana Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu. Tukafunga turubai kwenye uwanja wa kanisa. Kulipokucha foleni ilikuwa imeshauzunguka mwembe. Siku nne tukapima presha, tukagawa dawa za minyoo, panadol na antibayotiki, tukawaombea wagonjwa. Kila usiku tulihesabu majina kwenye daftari na kumshukuru Mungu kwa idadi. Idadi hiyo ndiyo iliyosomwa ibadani tuliporudi.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja, presha 190 kwa 110. Nikampa amlodipini, dawa ya presha, vidonge 30, kimoja kila siku. Akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, akaondoka ameishika pakiti kwa mikono miwili.

Jioni tabibu wa zahanati ya jirani akaja kutusalimia, ingawa sisi kwake hatukuwa tumebisha hodi. Mkononi alikuwa na kijitabu cha yule mzee. Malawi kila mgonjwa ana kijitabu chake cha afya, na kila anakotibiwa huandikwa humo. Mzee alikuwa akitibiwa presha palepale zahanati, kwa kidonge kingine, na tarehe ya kurudi ilikuwa ya wiki ileile. Hakwenda. Alikuja kwetu kwa kuwa dawa za wageni, alisema, zina nguvu. Kijitabu alikuwa nacho mfukoni alipokaa mbele yangu. Mimi ndiye sikukiomba.

"Sasa mama," tabibu akaniuliza, "hivi vikiisha nimwendeleze na nini? Hiki chenu mimi sina."

Sikuwa na jibu, na sisi kesho yake tulikuwa tunaondoka.

Sisemi watu wasiende. Daktari anayeingia hospitali ya wilaya akafanya upasuaji wa mtoto wa jicho bega kwa bega na wenyeji, huyo anaacha kitu. Lakini presha na kisukari havitibiwi kwa turubai la siku nne. Dkt. Robert Laws, mganga Mskoti aliyefika Malawi mwaka 1875 na misheni ya Livingstonia, aliondoka 1927. Hatuwezi wote kukaa miaka 52, najua, ila angalau tumtafute aliyebaki pale. Hata yule Msamaria hakumwachia majeruhi mafuta na divai akaenda zake: alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi.

Na kuna mengine tunayoyafumbia macho kwa kuwa tunakwenda kwa jina la Bwana. Leseni yangu ya uuguzi ni ya Tanzania. Ng'ambo ya mto Songwe, ulio mpakani, hakuna aliyeniuliza kama nimesajiliwa huko, nami sikujiuliza. Baadhi ya dawa tulizobeba zilikuwa zimebakiza miezi miwili kuisha muda, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja zinapofika. Wazungu wakituletea hivyo hapa kwetu tunanung'unika, na tuna haki.

Wanaoandaa safari hii waiandikie kwanza ofisi ya afya ya wilaya wanakokwenda, waulize zahanati inapungukiwa nini na inatumia dawa zipi, kisha wanunue hizohizo na kuzikabidhi kwa tabibu. Kambi ikifanyika, ifanyike uani kwake, na kila kidonge kiandikwe kwenye kijitabu cha mgonjwa.

Baada ya ibada nilifuatwa nijiandikishe tena. Nikauliza ni zahanati gani itatupokea. Kiongozi wa safari alisema atanipigia simu.

Muuguzi mstaafu,
Mbeya