Hausingi ya difu haifupishwi kwa kukadiria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi moja ya ufundi ambayo wapenzi wa magari ya zamani huiagiza gerejini bila kuielewa vizuri, na ambayo baadhi ya mafundi huipokea bila kuwa na vifaa vyake. Nayo ni kufupisha hausingi ya difu ya nyuma, yaani ganda la chuma lenye bomba kila upande linalobeba gia za kuzungusha magurudumu ya nyuma, ili difu ya gari pana na lenye nguvu ifungwe chini ya gari dogo la miaka ya 1960 au 1970.

Sababu ya kuitaka kazi hiyo ni ya kweli. Mwenye Ford Escort au Datsun ya zamani akishaweka injini yenye nguvu kuliko ya awali, difu ya asili huanza kulia na meno yake kulika, na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi, ilhali difu ya Toyota Hilux haikosekani katika maduka ya vipuri vilivyotumika. Hata Escort RS1800 ambayo dereva Björn Waldegård alishinda nayo Safari Rally mwaka 1977 haikutegemea ekseli (difu pamoja na hausingi yake) ya Escort ya kawaida. Ilifungwa ekseli nzito ya aina ya Atlas, ambayo kwenye magari ya barabarani ilitumika katika Capri ya lita 3. Kwa hiyo sina ugomvi na anayebadilisha difu. Ninachopinga ni namna hausingi inavyokatwa.

Mara nyingi fundi hulikata bomba kwa grenda, huondoa kipande, huiegemeza ncha ya hausingi mahali pake kwa kuongozwa na chuma cha pembe na jicho lake, kisha huchomelea mzunguko mzima kwa mkupuo mmoja. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hunywea, na kikinywea huvuta bomba. Ncha iliyoonekana imenyooka kabla ya weldi hupinda milimita moja au mbili baada yake, na jicho halioni tofauti hiyo. Hafu shafti, yaani fimbo ya chuma inayopita ndani ya bomba kutoka difu hadi gurudumu, huiona. Inapozunguka ndani ya hausingi iliyopinda hulazimika kukunjwa kidogo kila mzunguko, na kwa gari lenye tairi ndogo za inchi 13 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mizunguko hiyo huzidi 700 kwa dakika. Kwanza sili ya mafuta huvuja na mafuta huingia kwenye viatu vya breki, baadaye beringi hupata joto na kuanza kuunguruma, na mwishowe shafti hukatika.

Nimewahi kushika hafu shafti iliyokatika kwa namna hiyo. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi na laini, yenye mistari iliyopindana kuanzia ukingoni kuelekea katikati, dalili kwamba ufa ulikuwa ukitembea taratibu kwa muda mrefu; sehemu ndogo tu iliyobaki ndiyo iliyong'aa kwa chembechembe mpya, mahali shafti ilipokatikia siku ya mwisho. Wasomaji wajue kwamba katika difu nyingi za magari madogo hafu shafti haizungushi gurudumu tu, bali hubeba uzito wa gari pia, na ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu hutoka pamoja na dramu ya breki gari likiwa katika mwendo.

Njia iliyo sahihi inajulikana, nayo haihitaji kiwanda. Unahitajika upau mnene wa chuma, ulionyooka na kukerezwa, pamoja na pete nne: mbili zinakaa kwenye viti vya beringi za difu katikati, na mbili zinakaa kwenye viti vya beringi za magurudumu katika ncha za hausingi. Upau ukipita katika pete zote nne, ncha haina pa kwenda ila mahali pake. Fundi hushikiza kwa nukta chache za weldi, huchomelea vipande vifupi kwa kuvuka upande wa pili wa bomba kila mara, huacha chuma kipoe chenyewe bila maji, na katikati ya kazi huugeuza upau kwa mkono. Ukigoma, bomba limevutwa, na marekebisho yafanyike hapo hapo. Viti vya springi, yaani mahali springi za gari zinapokaa juu ya bomba, navyo vichomelewe kabla ya ncha, kwa kuwa weldi yake inatosha kulipinda bomba ambalo limeshanyooshwa. Na kabla ya kuvichomelea, gari liwe limekaa chini kwa uzito wake, ili mwelekeo wa pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) ulingane na wa giaboksi, na krosi, yaani viungo vya propela inayounganisha hizo mbili, zisitetemeke. Kwenye hausingi ambayo katikati yake ni chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu), kama hiyo ya Atlas, bomba likatwe upande wa nje, maana weldi ya kawaida haishiki vizuri kwenye chuma cha kusubu.

Hausingi ikifupishwa, hafu shafti nayo hubidi ifupishwe, lakini isiungwe kwa weldi kamwe, hata na mchomeleaji hodari. Imepewa ugumu wa juu kiwandani kwa moto na kupozwa, na joto la weldi huufuta ugumu huo. Kuikata na kuchonga meno mapya kwenye ncha inayoingia katika difu kunawezekana tu pale ambapo unene wa shafti unatosha mahali meno yatakapokaa, na shafti nyingi zimepunguzwa unene katikati. Marekani wenye Mustang za zamani wamepata njia nzuri: difu ya Ford Explorer ya miaka ya 1990 ina shafti moja ndefu na moja fupi, hivyo hukata takriban inchi 3 upande mrefu peke yake, kisha hufunga shafti mbili fupi zilizotoka kiwandani, bila kuchonga chochote. Naona kila mwenye gari angepima shafti zake kwanza kabla ya kuruhusu grenda iwashwe. Na akipata difu yenye upana unaofaa, hata kama ni ghali zaidi, aichukue hiyo na aachane na kukata.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi vya VETA na karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako mashine za kukereza zipo. Watengeneze upau mmoja na seti za pete kwa difu zinazotumika sana, wavikodishe kwa mafundi wa mitaani kwa ada ndogo, na mkufunzi aikague kazi kabla hausingi haijatoka. Pete za Hilux ndizo ningeomba zianze.

Fundi mkereza,
Arusha